Siku Vilima Vilipolaza Jembe

Kasulu, Jumanne 7 Aprili
Asubuhi kuna ukungu. Mvua imekata alfajiri, njia ya sokoni ni tope tupu.

Shangazi yangu, Masenge Niyubahwe, mwakeye,

Shikamoo. Najua utacheka kwamba nimetanguliza ukungu kabla ya salamu, lakini ndivyo ninavyoanza kila ukurasa wa shajara yangu tangu kidato cha pili, na mkono umeshazoea. Sisi wazima. Mama anasumbuliwa na magoti lakini jikoni hatoki, anakusalimu sana. Maharage yetu ya Nyakitonto yamepata mvua kuliko yalivyotaka, majani yameanza njano. Mimi bado niko kwa Bi Mwanaheri, kwenye steshenari yake, na Jumapili nasoma matangazo kanisani kama zamani, harusi na misiba.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako haipatikani. Hilali wa vitenge, ambaye kila wiki hupeleka mzigo Kibondo, anasema umeitupa chooni. Nikamwambia, "Masenge wangu hawezi." Akajibu, "Dada, nilisimama uani kwake nikapiga namba yake, ikalia shimoni." Tulicheka, kisha nikaona si jambo la kucheka. Umepatwa na nini?

Na Melkiadi, mwanao, hajambo huko ng'ambo ya Malagarasi? Nasikia walipiga kura mwezi uliopita na mambo hayakukaa sawa.

Mimi nilipata kikazi kidogo mwezi wa kwanza, kuwasomea wageni maneno. Kimekwisha. Si cha maana.

Mpe Hilali majibu, anarudi Jumatatu.

Wako, Niyonsaba


Kibondo, Jumapili 19 Aprili

Mwana wa kaka yangu,

Marahaba. Mimi marehemu nakusalimu. Nimekufa tangu mwezi wa tatu na bado nakula ugali, kwa hiyo usiogope mwandiko huu. Mwambie mama yako apake magoti mafuta ya mawese ya moto. Hapa mihogo ni mizuri, mbuzi amezaa mapacha, mmoja amekufa.

Simu nimeitupa kweli. Hilali naye hakutumwa na mtu kuipigia.

Sikiliza. Unajua kwetu mtu akibikwa, yaani kifo chake kikishatangazwa, hakuna anayegusa jembe wala kufunga safari mpaka azikwe. Hata kama marehemu ni yule mliyekuwa mnagombania mpaka wa shamba, unalaza jembe. Jambo hilo halina chama.

Siku ya kura, kabla jua halijatoka, ujumbe wa sauti uliingia kwenye simu za watu wa Rusagamba, kilima anachokaa Melkiadi. Sauti ya mwanamke, kwa lugha yetu, taratibu kama inavyopasa. "Ndugu wa Rusagamba, mama yetu ametutoka. Leo hakuna jembe, hakuna safari. Kila mtu akae karibu na moto wake. Jina lake litatajwa jioni."

Melkiadi aliposikia akajua ni mimi niliyekufa. Usiniulize alijuaje. Alinipigia, simu hazikushika. Akachukua kipaza sauti cha kanisa, maana ndiye anayekitunza, akalirudia tangazo lile huku analia. Nani atamshuku mtu anayemlilia mama yake? Kilima chote kikakaa. Na vilima vya jirani vilikuwa vimepata ujumbe wao, kila kimoja kwa jina lake. Pa kupigia kura palikuwa bondeni, mwendo mrefu. Hakushuka mtu. Jioni hakuna jina lililotajwa.

Kesho yake simu ikashika. "Mama?" "Nani tena, ulitaka pepo?" Nikasikia anaketi chini.

Ujumbe wenyewe alinitumia, nikausikiliza mara mbili, ndipo nikaenda chooni. Mwanamke yule alisita kati ya sentensi, akakohoa kidogo. Kikohozi chako cha vumbi kimepona?

Masenge wako


Kasulu, Jumamosi 2 Mei
Asubuhi manyunyu, baridi.

Masenge,

Shikamoo. Mama amepaka mawese na anasema magoti yamelainika, isipokuwa nyumba nzima inanuka kama kikaango. Maharage tumeyapoteza nusu.

Habari zako zimenishtua. Dunia imeharibika. Labda ni vijana tu wanacheza na simu. Mwambie Melkiadi avumilie, watu husahau.

Kikohozi kimepona.

Nimempa Hilali dagaa wa Kigoma na sukari kidogo. Leo naandika kifupi, kuna wanafunzi wengi dukani, mitihani imekaribia.

Niyonsaba


Kibondo, Jumapili 10 Mei

Mwana wa Marselino,

Dagaa nimepokea, ni wazuri, hawana mchanga. Sukari nimempa jirani yangu Firdausi nusu, maana redio ninayoisikiliza ni ya duka lake.

Sasa redio imesema. Si vijana. Ni kampuni, na nyuma ya kampuni kuna nchi kubwa ya mbali, inayotaka madini ya milima ile. Mgombea mmoja alikuwa ameahidi kwamba akishinda, mkataba wa machimbo utasomwa upya mbele ya watu. Vilima vilivyopata tangazo ndivyo vilivyokuwa vyake. Ameshindwa kwa kura ambazo Rusagamba peke yake ingezijaza. Mtangazaji alieleza kwamba kumbadili mtu moyo ni kazi ndefu, kumfanya asitoke nyumbani siku moja ni rahisi.

Firdausi alipiga mkono mezani. "Bibi Niyubahwe, nchi yenye ndege na meli inakuja kuiba kilio cha wakulima?"

Nikamwambia, "Ndiyo, na kilio chenyewe ni changu."

"Basi wewe si marehemu wa kawaida," akasema. "Wewe ni marehemu wa kimataifa."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Halafu nikaenda nyumbani sikucheka tena.

Melkiadi hakai na watu. Akifika penye watu wanatawanyika. Mke wake kisimani anaulizwa, "Leo mmemuua nani?" Wanasema alilia machozi ya kulipwa. Wazee walimwita wakamwuliza ile sauti ni ya nani, maana mtu halii kwa sauti asiyoijua. Akasema hajui.

Mwanangu hajapata kunidanganya mimi, lakini wazee amewadanganya, na kwa nini amewadanganya najua. Wakitaka kumfukuza kilimani watamfukuza, na ardhi aliyonayo ni ya dada yangu mkubwa Ininahazwe, ambaye naye ni mzee, hawezi kumtetea.

Mimi sijakuuliza kitu. Niliuliza kikohozi, ukaniambia kimepona.

Masenge


Kasulu, Jumatatu 18 Mei
Asubuhi kavu. Upepo wa kwanza wa kiangazi, vumbi jekundu mlangoni.

Masenge,

Shikamoo. Mama mzima. Leo sina habari nyingine ya kuweka mbele.

Sauti ni yangu.

Mwezi wa kwanza Ildefonsi, niliyesoma naye sekondari, alikuja dukani na mgeni mmoja, mpole, ana shati la mikono mirefu hata kwenye jua. Walisema wanahifadhi lugha zetu zisipotee. Walimtaka mtu mzima, anayesema vizuri, aliyezoea kusoma mbele za watu. Bi Mwanaheri akanitania, "Nenda bibi, sauti yako ni kama sambusa, kila mtu akate kipande." Walikodi chumba cha wageni, wakaegemeza magodoro ukutani ili kelele za nje zisiingie, na mimi nikawa nasoma. Salamu. Methali. Majina ya vilima, vya huku na vya ng'ambo, kimoja kimoja. Sikuuliza ya nini. Nilijitahidi tu nisikosee hata kimoja.

Siku ya mwisho mgeni aliuliza, Ildefonsi akatafsiri. "Kwenu ni neno gani ambalo mtu akilisikia anatii bila kuuliza?"

Ildefonsi akajibu mwenyewe, "Amri ya mkuu wa wilaya."

Nilimcheka. "Hiyo watu wanaijadili mpaka jioni." Kisha, Masenge, nikanyoosha mkono kama nilivyokuwa nikinyoosha darasani. "Tangazo la msiba," nikasema. Nikaeleza yote. Jembe, safari, moto.

"Hata kama mtu ana jambo kubwa siku hiyo?"

"Hata kama ana harusi yake."

"Hata serikali ikimwita?"

"Serikali itasubiri."

Waliangaliana. Nikafurahi, nikadhani nimewaonyesha kwamba na sisi tuna mambo. Akaniomba nilitoe hilo tangazo kama ninavyolitoa. Nikauliza jina la marehemu ni nani. Akasema ni mfano tu, hakuna jina, itasemwaje? Nikamfundisha mimi mwenyewe. Nilimwambia kwamba ndugu wa mbali wakiwa hawajapata habari, mwenye kubika husema jina litatajwa jioni.

Hata hilo, Masenge. Wasingelijua. Hawakuniibia kitu. Niliwapa, na nilikuwa najisikia msomi. Walinilipa vizuri, na bati jipya la jiko la mama limetoka hapo. Kila mvua ikilipiga naisikia sauti yangu.

Nilijua tangu barua yako ya kwanza. Nilipofika penye maneno yale ya jioni, nilifunga duka mchana, Bi Mwanaheri akanidhania naumwa. Na siku nilipokuandikia kwamba kikohozi kimepona, nilikuwa nakohoa.

Nimemtafuta Ildefonsi, nikampata stendi ana begi. "Dada," akasema, "mimi ni mkalimani. Ulimi wa mkalimani hauna dhambi." Akapanda basi.

Nakuomba usimwambie mama. Sijui niombe nini kingine.

Niyonsaba


Kibondo, Jumapili 9 Agosti

Niyonsaba,

Barua zako mbili za mwezi wa sita na ile ya mwezi wa saba zimefika. Sikuzijibu. Nilikuwa naanza, naishia kwenye salamu.

Dada yangu Ininahazwe amefariki. Safari hii ni kweli. Melkiadi alipanda mahali palepale alipotangaza kifo changu, akambika kwa kinywa chake, bila simu, bila kipaza sauti. Alitaja jina. Alilitaja tena na tena.

Watu waliendelea kulima.

Aliyenieleza ni mke wake. Anasema walikuwa wanaona migongo ya watu mashambani, inainuka na kuinama. Mmoja alipaza sauti kutoka bondeni, "Jina tutalisikia jioni, Melkiadi!" na wengine wakacheka. Dada yangu aliwazalisha nusu ya wanawake wa kilima kile. Kaburi lake lilichimbwa na Melkiadi na shemeji zake wawili, na jeneza likabebwa na wanawake pamoja nao, kitu ambacho hakijapata kuonekana.

Hao wageni wako walitaka siku moja tu, wakaipata wakaondoka. Sisi wametuachia hivi.

Nimekaa na jambo hili wiki nzima. Kwa baba zetu, aliyembika mtu aliye hai hurudi kulifuta kwa kinywa kilekile, amesimama mbele ya wale aliowadanganya, na hutaja jina lake na la baba yake. Matanga yataanuliwa Jumamosi ya tarehe kumi na tisa mwezi ujao. Wengine watakuja, angalau kwa pombe. Nenda Rusagamba.

Mimi miguu haifiki huko.

Niyubahwe


Kasulu, Alhamisi 20 Agosti
Asubuhi moshi, watu wanachoma mashamba. Jua jekundu.

Masenge,

Pole. Pole sana kwa Masenge Ininahazwe. Mama amelia, na bado hajui alichopaswa kukililia zaidi.

Nimewaza. Nikirekodi maneno ya kuomba radhi, Hilali anaweza kumpa mtu avuke nayo, wakasikiliza wote kwa mara moja. Ni sauti ileile, wataitambua.

Kuvuka mwenyewe naogopa. Wanaweza kunikamata. Na huku pia nafikiria. Sisi uraia wetu ni wa juzi, watu bado wanatuita wakimbizi wakikasirika sokoni. Likijulikana Kasulu, watasema ndio hawa, wanaharibu walikotoka, kesho wataharibu hapa. Bi Mwanaheri ataniweka vipi? Na mama je?

Nielewe, Masenge.

Niyonsaba


Kibondo, Jumanne 1 Septemba

Niyonsaba,

Nimekuelewa tangu ulipokuwa unatambaa.

Sauti isiyo na uso ndiyo iliyoniua. Usinitumie nyingine ikanifufue.

Mbuzi aliyebaki ananenepa. Salimia mama yako, na umwambie wewe mwenyewe kabla hajaambiwa na soko.

Masenge


Kasulu, Jumatatu 21 Septemba
Asubuhi mawingu upande wa Buhigwe, hayajanyesha. Joto.

Masenge,

Shikamoo. Mama nilimwambia Jumatano. Alikuwa anachambua mchele. Hakuacha kuchambua. Alipomaliza akasema, "Bati hilo lishushwe," na kwamba atapika kwenye moshi kama zamani. Halafu akanifungia mihogo ya safari.

Nimekwenda. Nilipata kibali cha kuvuka bila swali lolote, jambo lililoniaibisha zaidi. Melkiadi alinisubiri ng'ambo ya mto. Alinisalimu kwa mkono mmoja, Masenge, hakuushika mkono wake kwa mkono wa pili kama anavyomsalimu mtu wa kwao. Akachukua mfuko wangu, tukapanda kilima bila neno. Nilimwona amezeeka.

Watu walikuwepo, si wengi, wameketi kuuzunguka mtungi. Nilisimama, na kwa mazoea nikanyoosha mkono kwenye kipaza sauti cha kanisa kilichokuwa juu ya kiti. Bibi mmoja akasema, "Weka hicho." Nikakiweka.

Nikasema, "Mimi ni Niyonsaba wa Marselino. Sauti mliyoisikia siku ya kura ni yangu. Siku ile hakuna mama aliyekufa. Niliwafundisha wageni jinsi tunavyobika, nao wakatumia kuwazuia. Melkiadi aliitambua sauti ya ndugu yake, akadhani mama yake amekufa. Machozi yake yalikuwa ya kweli."

Bibi yule akasema, "Liseme tena lile tangazo, tujue."

Nikamwambia siwezi, matanga ya mtu hayajaisha. Akasema, "Siku ile uliweza." Basi nikalisema. Nilipofika "mama yetu ametutoka" nikakohoa, na hapo mwanamke mmoja nyuma akaanza kulia, na wengine wakainamisha vichwa. Sikufika mwisho.

Mzee Niyongabo, aliye mkubwa wao, alinitazama. "Sauti ni ileile," akasema. "Na hii ya leo umetumwa na nani?"

Baadhi walicheka. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi tangu Kasulu, nimeyapanga vizuri, na yote yalinipotea. Nikasema, "Nimetumwa na niliyemuua. Niyubahwe."

"Anaendeleaje?"

"Anakula ugali."

Akatikisa kichwa polepole. "Na wale wenye kampuni, watakuja na wao kututajia baba zao?"

"Hapana, mzee. Hawatakuja."

"Basi tuliye naye ni wewe tu," akasema.

Masenge, ningependa angenitukana.

Kisha alisogea kwenye gogo alilokalia, akampigapigia Melkiadi mahali, akae. Melkiadi akakaa. Mrija wa pombe ulipozunguka alipewa kwa zamu yake, akanywa. Ulipofika kwangu ulinipita, ukaenda kwa aliye baada yangu. Ndivyo ilivyopasa. Nilikaa mpaka mtungi ukaisha.

Wameamua kwamba kuanzia sasa tangazo la msiba litaletwa kwa miguu, na watu wawili, wanaojulikana nyuso. La simu halitalaziwa jembe. Tulipokuwa tunashuka jioni, malori yalikuwa yanapanda barabara mpya ya machimbo, yamewasha taa. Mkataba haukusomwa upya. Melkiadi alisimama pembeni mpaka yakapita, akajipangusa vumbi. Ndipo akasema neno lake la kwanza kwangu. "Siku ile nilimzika vizuri mama, moyoni. Nilikumbuka kila kitu chake kizuri. Mwambie." Akanipa mfuko, akarudi juu. Hakunisindikiza mtoni.

Kanisani nimewaambia watafute msomaji mwingine. Bi Mwanaheri amejua, Hilali hana siri. Asubuhi hii alinikuta nafagia, akasema, "Fagia na kule nyuma," kama siku zote, lakini hakunitania.

Usinijibu kama huna la kusema. Nitajua mbuzi ananenepa.

Wako, Niyonsaba

Nimeongeza Jumanne asubuhi, kabla Hilali hajaja kuchukua barua. Mvua ya kwanza imenyesha usiku, imepita juu ya jiko lisilo na bati bila kelele, na kuni zote zimelowa. Nililala saa kumi alfajiri.